Dua ya Mtoto Mwenye Shungi Jeupe

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Miguu ya mama haijambo? Na cherehani yako, bado inatafuna uzi au imepata fundi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi nimeusahau huko nyumbani pamoja na mto wangu.

Nilifika salama. Nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya muuza mkaa. Kina kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha linalotazama ukuta. Meza nimeitia kigae chini, imetulia. Ukuta sina la kuufanya.

Sasa nikupe habari za haya mafunzo ya vitendo. Tumeletwa wanafunzi wawili kwenye ofisi hii ya ustawi wa jamii: mimi, na kijana mmoja mtanashati ninayemwita Bwana Tai, maana jua liwake lisiwake, tai haimtoki shingoni. Siku ya kwanza wateja walijipanga mbele yangu, wakidhani kwa mvi hizi ndimi mkuu. Mkuu mwenyewe, ndiye msimamizi wetu, ni binti wa miaka thelathini hivi, mwembamba, sauti ya chini. Ningewahi kuzaa ningemzaa. Ananiita "Mama" kwa heshima zote, kisha ananirudishia kazi yangu imejaa wino mwekundu.

Kila jioni tunajaza daftari. Ukurasa wa kushoto unaandika ulichokiona na kukisikia. Wa kulia unaandika ulichokifikiri. Katikati yeye hupiga mstari kwa rula, hata kama kurasa zenyewe zimeshatengana. Niliandika kushoto, "Mzee huyu ni mtu mwema." Akakata, akaandika pembeni: "Ukweli au maoni?" Jamani, wema wa mtu si unaonekana usoni? Sasa hilo swali nalisikia hata nikitia chumvi kwenye chungu.

Tumetia saini karatasi moja: mambo ya mteja hayatoki nje ya mlango wa ofisi. Atakayeyatoa anarudishwa chuoni, na cheti hakioni. Nilitia saini. Unajua nilivyofika hapa. Miaka kumi na tisa nimesukuma ndoo wodini, mpaka yule muuguzi mkuu aliponiambia, "Wewe wagonjwa wanakusimulia mpaka ndoto zao. Nenda ukasomee." Nikishindwa miezi hii minne narudi kwenye ndoo, na kwa umri wa miaka arobaini na sita hakuna atakayenituma shule tena.

Mama asinisahau katika sala. Na wewe usiniache na ukuta huu peke yangu, niandikie.

Dada yako.


21 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Miguu ya mama inavimba asubuhi, ikifika adhuhuri imenywea, naye anasema ni kwa sababu anaikemea. Cherehani imepona, ila sasa inapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Juzi mteja kanijia juu eti mishono yangu mitatu myekundu ndani ya pindo ni uchafu. Nikamwambia hiyo ndiyo saini yetu, alianza bibi, akaja mama, nimefuata mimi, na asiyeitaka akajishonee. Kachukua gauni, kanuna.

Barua yako nilimsomea mama kama ilivyo kawaida yetu, na ya Bwana Tai akataka irudiwe. Halafu nikaenda nayo kwenye maombi ya Jumatano nikawasomea wenzetu. Walicheka! Mmoja akasema, "Hilo la ukweli au maoni naondoka nalo, mume wangu atajibu leo leo." Hata mgeni wetu alitabasamu. Tuna mama mpya, tunamwita Mama Kinanda kwa ile sauti. Ana kama miezi miwili tangu ajiunge. Kila Jumatano analia, kinachomliza hasemi, nasi hatujamchimba. Akimaliza kulia anaimba mpaka mabati yanaitika.

Wenzetu wana lalamiko. Unasema una hofu, basi, unaishia hapo. Hofu ya nini? Dua isiyo na shida ndani yake ni kama barua isiyo na anwani. Tupe mtu wa kumwombea. Jina usitaje kama mmeapa, Mungu majina anayo.

Mdogo wako, fundi.


10 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta katika afya njema, na mama bado anaikemea miguu. Mwambie dawa ya kuchua aliyonifungia imeshanisaidia, maana msimamizi anatembea kama anafukuzwa, nami nyuma yake na begi la mafaili. Mwenye nyumba wangu naye ana habari mpya: amepaka rangi ule ukuta. Sasa nina ukuta wa kijani.

Umeuliza hofu ya nini. Nimekaa siku tatu nikijiuliza kama nikuandikie. Jina silitaji, kwa hiyo kiapo changu ni kizima.

Tuna mteja mmoja, mwanamke kijana. Alikuja ofisini na binti yake wa miaka minne na mfuko mmoja wa nailoni. Mumewe, fundi wa magari, alimvunja meno mawili kwa spana. Katoroka alfajiri, kapanda basi la kwanza lililowasha injini, hakuuliza linakwenda wapi. Msimamizi kamtafutia kibarua cha kupiga pasi mashuka kwenye chumba cha dobi cha hospitali ya hapa, na kuna kijichumba nyuma wanalala. Mimi ndiye niliyepewa kumtembelea mara mbili kwa wiki.

Mtoto, mdogo wangu! Mzuri, kimya, macho makubwa. Juu ya paji la uso ana shungi la nywele jeupe pe, nyingine zote nyeusi, utadhani kaguswa na kidole chenye unga. Alizaliwa nalo. Mama yake aliniambia, "Mama, mwanangu analala na viatu. Kila nikimvua anavivaa tena. Anasema tukikimbia asichomwe na mawe." Nilitoka nje nikajifanya natafuta miwani.

Kwenye daftari niliandika kushoto: mtoto analala na viatu. Kulia sikuweza kuandika kitu. Msimamizi hakukata hata neno. Chini akaandika, "Endelea kwenda."

Nimekwenda. Wiki iliyopita alivua kimoja! Kiatu kimoja tu, cha kushoto, akakiweka chini ya mto. Mama yake na mimi tulishikana mikono kama watu walioshinda bahati nasibu.

Basi huyo ndiye mtu wenu. Wasomee wenzetu, muombeeni avue na cha pili. Mnijibu upesi.

Dada yako.


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua ilifika. Mama hajambo. Mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Cherehani nzima. Kazi si nyingi.

Maombi yanaendelea ingawa watu wamepungua. Mama Kinanda haji siku hizi.

Yule mtu wako bado yuko palepale au mmemhamisha? Nauliza tu. Watu kama hao si huwa mnawahamisha hamisha?

Mengine tutazungumza ukija. Usiniandikie tena mambo ya maombi. Nina kazi nyingi.

Mdogo wako.


12 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo? Barua yako ya tarehe 2 nimeipata jana, nimeisoma mara nne. Juu unasema kazi si nyingi, chini unasema kazi ni nyingi. Wewe hujawahi kujua kusema uongo, tangu utoto, ulipokuwa unakula sukari na kusahau kufuta mdomo.

Tarehe 9 mwanaume alikuja kwenye chumba cha dobi. Aliuliza mtoto mwenye shungi jeupe. Jina la mkewe hakulitaja, aliona litafichwa. Yule mwanamke alimwona katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akambeba mtoto, akaingia kwenye chumba cha mitungi ya maji ya moto na kujifungia. Mkuu wa dobi, mama mmoja wa miraba minne, alisimama mlangoni na pasi ya moto mkononi. "Hapa tunapokea mashuka machafu tu," akamwambia. "Wewe ni shuka?"

Akacheka. Akaweka gauni la mtoto mezani. Akasema, "Mwambieni nyumbani wanamwombea kila Jumatano." Akaondoka taratibu, kama mtu mwenye muda.

Mkuu wa dobi akalileta gauni ofisini, likawekwa juu ya meza ya msimamizi. Jipya, la buluu. Msimamizi akaligeuza ndani nje akitafuta alama ya duka. Hakuna. Mimi nikaona pindo. Mishono mitatu myekundu.

Nilikaa.

Mama na mtoto wamehamishwa, wapi sikuandikii. Msimamizi akatuita. Akasema siri hii ilikuwa na watu wanne: yeye, mkuu wa dobi, Bwana Tai na mimi. Na Bwana Tai, masikini, mwezi wa pili alisahau daftari lake mgahawani, likakaa huko mchana kutwa. Wote macho kwake. Akaanza kujitetea, akafungua tai, akaikunja kama mkanda, akaitia mfukoni. Amepewa mpaka tarehe 6 Mei ajieleze kwa maandishi, la sivyo anarudishwa chuoni.

Nami nilikuwa nimeketi karibu yake, tumegusana mabega. Nikanyamaza. Mimi ninayefunga na kusali, nikanyamaza.

Sikulaumu, aliyeandika ni mimi. Lakini nijibu. Ulisoma? Nani alikuwepo? Na gauni lile ulimshonea nani?

Dada yako.


23 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu, hajui chochote. Kila anayepita kibarazani anaambiwa binti yake mkubwa anarudi ofisa.

Nilisoma. Uliandika nisome, nikasoma. Nilipofika kwenye shungi jeupe Mama Kinanda akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena, mwanangu, masikio yangu yamezeeka." Nikarudia kwa sauti zaidi, Dada, tena kwa maringo, nikidhani barua yetu imemgusa moyo. Siku hiyo hakuimba.

Kesho yake akaja dukani. "Nishonee gauni la mtoto wa miaka minne."

"Vipimo viko wapi, mama?"

Akasimama, akaweka kiganja hapa, chini kidogo ya kiuno. "Alipoondoka alikuwa ananifika hapa. Ongeza vidole viwili, atakuwa amekua."

Hapo nikaelewa. Mkono wangu ulikuwa umeshika chaki, ikakatika. Yeye ndiye bibi yake yule mtoto, na yule fundi wa magari ni mwanawe. Kumbe ndicho kilichokuwa kinamliza kila Jumatano. Aliniapia mwanawe hataambiwa, gauni litakwenda kwa posta, hospitalini, bila jina. Akalia, nami nikalia, nikalishona. Sasa sijui alimwambia, au mwanawe alimkuta analikunja, akamtisha. Nimekwenda kwake mara mbili, mlango umefungwa. Nilijua tangu siku hiyo na sikukuandikia. Ile barua yangu fupi niliianza mara tano.

Nisikilize sasa, mimi ni mdogo lakini nisikilize. Choma barua zangu. Zako nimeshazitia moto. Huko hakuna anayejua hiyo mishono ni ya nani isipokuwa wewe. Huyo mtoto na mama yake mmeshawaficha, Mungu amewalinda, yamekwisha. Bwana Tai ana miaka mingapi, ishirini na miwili? Huyo ataanguka na kuinuka. Wewe ukianguka sasa ni nani atakayekuinua? Nani atamwambia mama? Maji yameshamwagika, ukiyakoroga unaongeza tope tu.

Nisamehe. Nyamaza.

Mdogo wako.


4 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu, na mama umbusu. Barua hii inaletwa kwa mkono na muuguzi wa hapa anayekuja huko likizo fupi. Atakuwapo Jumanne mpaka Ijumaa, anafikia kwa dada yake karibu na soko.

Yako ya tarehe 23 ilifika juzi. Niliwasha kiberiti, kweli niliwasha, kikaniunguza kidole na karatasi ikabaki nzima. Asubuhi nikachukua daftari. Kushoto nikaandika mistari minne: niliandika barua tarehe 10 Machi. Nilieleza shungi la mtoto na mahali alipo. Niliagiza isomwe mbele ya watu. Mmoja wa watu hao alikuwa bibi yake. Nikalipeleka daftari kwa msimamizi, na barua yako juu yake.

Alisoma vyote kwa kufuata mistari na kidole. Kisha akauliza, "Na ukurasa wa kulia?"

"Sina maoni," nikamwambia.

Akachukua rula, akapiga ule mstari wake katikati, akaiweka chini. "Mama, ile karatasi uliisoma kabla ya kutia saini?"

"Niliisoma. Nilidhani maombi hayamo."

"Mungu hana neno," akasema. "Tatizo ni waliokaa naye kwenye mkeka."

Ningecheka siku nyingine. Nikamwomba aniruhusu nikamwangukie yule mwanamke miguuni. Akakataa. "Wewe unatafuta msamaha. Yeye anatafuta mlango wenye komeo. Tuanze na komeo."

Bwana Tai alirudishiwa mafaili yake siku hiyo hiyo. Tai amevaa, salamu hanipi. Ana haki. Mimi sitembelei mtu tena. Nimewekewa meza mlangoni, naandika majina ya wanaoingia, na jioni napiga deki bila kuambiwa, mikono yenyewe imeizoea kazi. Chuo kitakaa tarehe 27 kuamua kama nabaki au nafukuzwa. Msimamizi hakuniahidi kitu. Daftari alinirudishia, na pembeni ya ile mistari minne, kwa wino mwekundu, kaandika neno moja: "Ukweli."

Lakini sikuandikii kwa ajili yangu. Yule mwanaume hajulikani aliko. Hapa hajaonekana tangu tarehe 9, huko hatujui. Na mpaka ijulikane, yule mwanamke hawezi kwenda kibaruani, hawezi hata kuteka maji. Mtoto amerudi kulala na viatu, vyote viwili, na sasa anataka vifungwe fundo mara mbili.

Nenda ukatazame gereji alikofanyia kazi; ilipo, na sura ya mtu mwenyewe, msimamizi ameandika kwenye karatasi iliyomo humu. Nenda mchana, na mtu, kama mwenye shughuli zake. Usimwulize Mama Kinanda, usimtume mtu, usiulize jirani. Niandikie ulichokiona kwa macho yako: yuko au hayuko, siku gani, saa ngapi. Usiniandikie unavyodhani. Karatasi nyingine uandike ulichosoma Jumatano ile na aliyekisikia, utie saini yako. Msimamizi anaisubiri.

Barua hii usimsomee mtu. Hata mama. Ya kwangu nitamwambia mwenyewe, akinikemea kama miguu yake nitakaa nikemewe. Na wenzetu wakiuliza waombe nini, waambie waombe tu, bila anwani.

Muuguzi anaondoka Ijumaa asubuhi. Mpe jibu kabla hajaondoka. Tafadhali, mdogo wangu, nijibu upesi.

Dada yako.